Nyasi zinakunywa boza zima kila mwezi, nizing'oe?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba kwangu nimeng'oa nyasi zote za mbele ya nyumba nikapanda mimea yetu ya asili, nikadhani yameisha hapo. Kumbe nimewagusa. Meseji zilizokuja ni nyingi kuliko hata zile za mnyauko wa nyanya, na karibu zote mwanzo wake ni mmoja, maji. Nimechagua saba, nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu wenyewe.

*

Shikamoo Mama Bustani. Mimi niko Goba, Dar. Tulipomaliza kujenga mume wangu alileta vijana wakapanda nyasi za pasipalamu mbele yote, mita 10 kwa 12, ikapendeza kweli, hadi watu walikua wanakuja kupiga picha. Sasa huu mwaka wa tatu nimechoka. Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki kwa iyo Julai mpaka Oktoba nanunua maji ya boza, kijana wa kukata anataka hela yake kila wiki mbili, na pakikosa maji kidogo tu panatoka vipara. Nataka nitoe lakini mume anasema bila nyasi nyumba itakua kama gofu na hiyo mimea ya porini ni vichaka. Nimwambie nini?

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, manake mume ukimpelekea hesabu ya hela mtaelewana haraka kuliko ukimpelekea habari za maua. Nyasi za zulia kwenye jua la Dar wakati wa kiangazi, ili zibaki kijani, zinataka kama milimita 25 za maji kila wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wenu ni mita za mraba 120, kwa hiyo lita 3,000 kwa wiki, lita 12,000 kwa mwezi, yani boza la lita 10,000 linaisha lote na bado nyasi zinakudai. Hapo hujaoga, hujafua, hujapika. Mnakumbuka Oktoba 2022 mto Ruvu uliposhuka tukaingia kwenye mgao, watu tunaamka saa nane usiku kukinga maji ndoo moja moja, na mtaani kwangu kuna nyumba mpira ulikuwa unamwagia majani mchana kweupe. Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Sasa hilo la gofu. Mwulize mama mkwe wako uwanja wa kwao ulikuwaje alipokuwa msichana. Mimi nimekulia Muheza, uwanja wetu ulikuwa udongo mtupu unafagiliwa alfajiri kwa chelewa mpaka ile michirizi ya ufagio inaonekana, mkwaju mmoja mkubwa kwa kivuli, mkindu pembeni ambao bibi alikuwa anakata kuti kwa ajili ya mikeka, mshubiri karibu na jiko kwa anayeungua, na hakuna mgeni aliyewahi kusema hapa ni gofu. Mtindo wa nyasi za zulia ni wa Ulaya, kule mvua inanyesha kidogo kidogo mwaka mzima na jua ni la upole, kondoo ndo walikuwa wanazikata, alafu ukaja huku na nyumba za maofisa wa kikoloni, Oysterbay na kwingine, ukawa alama ya mtu mkubwa. Alama tumerithi, mvua ile hatukurithi. Na hata wenye hela zaidi yetu wameanza kuziacha, Las Vegas kule Marekani, mji wa jangwani, sheria ya jimbo la Nevada ya mwaka 2021 inataka nyasi za mapambo tu ambazo hakuna mtu anazikanyaga, zile za maofisini na kando ya barabara, ziwe zimeondolewa mwisho wa 2026. Nyumba za watu binafsi hawajazigusa, ila ujumbe umefika.

Kuhusu vichaka nakubaliana naye kidogo, kwa sababu kweli ukipanda hovyo patakuwa kichaka. Lakini kinachofanya jicho lione kichaka sio aina ya mmea, ni kukosa mpaka. Weka mpaka. Panga mawe au matofali mstari mmoja safi, njia ya kutoka getini mpaka mlangoni iwe pana watu wawili wapishane, alafu panda kwa makundi, mshubiri mitano au saba pamoja, sio mmoja hapa mmoja pale kama mtu aliyemwaga mbegu akikimbia. Mimea ile ile ikirudiwa mara tatu kwenye uwanja mmoja, mtu yeyote akiingia anajua hapa pamepangwa.

Usitoe nyasi zote kwa siku moja. Chukua nusu, tena nusu ile inayokupa shida zaidi, kwa kawaida ile ya jua la mchana. Januari jua likiwa kali zikate fupi kabisa, mwagia maji mara moja, funika na turubai jeusi au nailoni nzito, kandamiza pembeni na mawe na uache wiki sita hadi nane. Joto litazipika. Ukifunua mwezi wa tatu mwanzoni utakuta zimekufa juu lakini mizizi ile inayotambaa chini kuna mingine bado hai, chimba uitoe kwa mkono, hapa usione uvivu kwa sababu kipande cha kidole kimoja kinarudisha familia nzima. Alafu unapanda masika yakianza. Sio Juni, sio Agosti, masika. Mmea unaoingia ardhini Machi unapata miezi mitatu ya mvua za bure za kushusha mizizi kabla kiangazi hakijaukuta.

Cha kupanda, kwa Goba na udongo wenu ule wa kichanga mwekundu, mimi ningeweka mkindu mmoja pembeni (una miiba kwenye shina la kuti, kwa hiyo usiwe njiani), mkole miwili mitatu kwa kivuli kidogo na matunda, mkwamba kwa ajili ya ndege, mshubiri wa porini ule unaotoa maua mekundu kama mshumaa ambao ndege chozi hawatoki, na mkonge pori, yale majani marefu magumu yamesimama kama mikuki, ambao Wazungu wanauweka sebuleni kwenye vyungu vya bei na asili yake ni huku kwetu Afrika. Ukutani pandisha kile kitambazi cha maua ya rangi ya chungwa yenye doa jeusi katikati, mnakiona sana kwenye uzio za shamba, na chenyewe ni cha Afrika Mashariki. Sehemu ya kukanyaga usiweke pasipalamu tena, weka nyasi za Pemba, zile za majani mapana kidogo. Hizo ni za mwambao wetu wa Bahari ya Hindi, zinavumilia mchanga, zinavumilia chumvi, zinavumilia kivuli, na kukata unakata mara chache.

Maji je? Mwaka wa kwanza utamwagia, na hapa ndo wengi mnadanganyana, mnasikia mmea wa asili hautaki huduma mnaupanda na kuutelekeza, unakufa Septemba, alafu mnasema mimea ya asili haifai. Kiangazi cha kwanza kila kichaka nusu ndoo mara moja kwa wiki, polepole, kwenye shina, jioni. Kiangazi cha pili mara moja kwa wiki mbili au tatu. Cha tatu unamwagia ukiona majani yamejikunja tu. Na tandaza majani makavu au makumbi ya nazi unene wa vidole vitatu, ila yasiguse shina. Mwambie mume hela ya boza za miaka miwili itie kwenye benchi zuri la kukaa hapo jioni.

*

Mama Bustani mimi nina swali fupi. Kwangu kuna mwarobaini, bogonvilia, miashoki kumi kando ya ukuta na mkrismasi. Hiyo si ndo mimea ya asili? Mbagala.

Hapana mwanangu, na usione aibu, karibu Dar nzima inaamini hivyo. Mwarobaini ulitoka Asia ya kusini. Muashoki India. Bogonvilia Amerika ya Kusini, Brazil na majirani zake. Mkrismasi Madagaska, walau huyo ni jirani. Jakaranda nayo ni ya Amerika ya Kusini, na mkonge wenyewe tuliouza dunia nzima uliletwa 1893 asili yake Mexico. Usikate hata mmoja kwa sababu ya kusoma hapa. Mti mkubwa wenye kivuli unaupa heshima yake uwe wa wapi. Ila utakapopanda mwingine panda wa kwetu, manake wadudu na ndege wetu wamezoeana nao tangu zamani, na mkwamba mmoja ukizaa vile vitunda vyeupe utahesabu ndege kuliko kwenye miashoki yote kumi. Mmoja tu nakuomba ung'oe ukiuona, lantana, ule wa maua madogo madogo ya rangi mbili na majani yananuka ukiyafikicha. Huo ulitoka Amerika ukageuka balaa, unafunika mashamba na misitu.

*

Habari dada. Nataka kuacha nyasi lakini mke wangu ana hofu ya nyoka na mbu, na bwana afya wa mtaa wetu akipita akakuta majani marefu anaandika faini. Tegeta.

Nzuri kaka. Hofu ya mke wako ina sababu na usiidharau, ila tuiweke mahali pake. Nyoka hafuati ua zuri, anafuata panya na anafuata mahali pa kujificha, na panya anafuata takataka na chakula. Kwenye nyumba nyingi nilizoitwa kwa sababu ya nyoka shida haikuwa mimea, ilikuwa rundo la matofali yaliyobaki ya ujenzi nyuma ya banda la kuku, mbao za zamani, magunia. Ondoa hayo kwanza. Alafu fanya kama wazee, mita moja kuzunguka nyumba nzima iwe tupu, kokoto au udongo uliofagiliwa, usipande kitu hapo. Vichaka vyako punguza matawi ya chini mpaka urefu wa goti uwe unaona ardhi chini yake. Nyoka akivuka mahali peupe unamwona, na yeye hapendi kuonekana. Ule uwanja wa chelewa haukuwa urembo tu, wazee walijua wanachofanya.

Mbu sasa. Dar tumepigwa na homa ya denge 2014 na tena 2019, na mbu wa denge, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hataki majani, anataka maji yaliyotulia kwenye kitu kidogo. Sahani ya chini ya chungu, tairi, kopo, kifuu cha nazi, kifuniko cha simtanki kilichobonyea. Yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi, kwa hiyo ukimwaga maji ya kila chombo kila Jumamosi bila kukosa umekata ukoo. Mpira unaomwagilia nyasi kila siku na kuacha madimbwi unakuletea mbu kuliko mkole wowote. Na bwana afya mwite aone kabla hujapanda, mwonyeshe mpaka wa mawe, mwonyeshe njia, mwambie hapa ni bustani. Nyasi ndefu zisizo na mwenyewe na bustani iliyopangwa ni vitu viwili, akishaelewa mapema hamtagombana.

*

Shikamoo mama, niko Dodoma, Nkuhungu. Huku ni vumbi na mchwa. Nilipanda nyasi zikafa, nikapanda tena zikafa. Kiwanja ni kikubwa, bati la nyumba ni mita za mraba 120. Nifanyeje na mimi sina kisima?

Marahaba mwanangu, pole sana kwa kupanda mara mbili. Dodoma mnapata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu nusu ya mvua ya Dar, na yote inakuja Desemba mpaka Aprili alafu basi, miezi saba anga tupu. Nyasi za zulia hapo unapigana na mbingu.

Wewe kisima unacho, kiko juu ya kichwa chako. Bati la mita za mraba 120 mara milimita 570, toa kama sehemu moja ya tano inayopotea, unabaki na karibu lita 55,000 kwa mwaka. Huwezi kuzihifadhi zote, matanki ni bei, lakini ardhi ni tanki. Weka mfereji kwenye paa, yale yanayozidi tanki yaelekeze kwenye mashimo ya miti, na kila mti uchimbie kitako cha nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, udongo uliochimba uupange kama mdomo ili maji ya mvua yakikimbia yanaswe hapo yazame. Mvua kubwa tatu zinazama pale zinakaa chini miezi. Nimeona mgunga umepandwa hivi ukapita kiangazi chake cha kwanza kwa kumwagiwa dumu moja la lita 20 kila wiki mbili, basi.

Panda Desemba mvua zikishika, sio ile ya kwanza ya kudanganya. Migunga ile ya mwavuli kwa kivuli, mikole ambayo Wagogo mnaijua matunda yake tangu utoto, mkwaju kama una nafasi lakini mita kumi kutoka kwenye nyumba, na mbuyu kama kiwanja ni kikubwa kweli na una wajukuu wa kukaa chini yake. Usipande mkuyu karibu na chemba ya choo, mizizi yake inatafuta maji mpaka ndani. Kwa uzio weka minyaa, inakatwa vipande vinachomekwa tu vinashika, mbuzi hali, haitaki maji, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo anayekata avae miwani na watoto wakae mbali. Hapa kwenye ardhi wazi usitandaze majani makavu kama nilivyomwambia mwenzako wa Goba, mchwa watakushukuru alafu wahamie kwenye mche. Tandaza changarawe.

Na mvua zikianza utaona mgagani umeota wenyewe kwenye uwanja. Uache kona moja. Maua yake meupe ni mazuri na jioni unachuma mboga. Mlenda pori hivyo hivyo. Mimi nashindwa kuelewa tunavyong'oa chakula ili tupande kitu ambacho hata mbuzi haturuhusu ale.

*

Salaam aleikum bi mkubwa. Mimi ni wa Mombasa, Bamburi, shamba langu ni mawe ya matumbawe matupu, ukipiga jembe latoa cheche. Walionipangia bustani waniambia nilete malori ya udongo mwekundu kisha nipande nyasi. Bei yake yatisha. Kuna njia nyengine?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Njia nyingine iko hapo hapo kwenu, umeipita labda mara mia. Haller Park. Mahali pale palikuwa machimbo ya saruji, jiwe la matumbawe limechimbwa likabaki jangwa jeupe lenye chumvi na joto. Mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti humo, aina 26, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje, mnazi na mmoja wa jamii ya mikoko. Mvinje ukashika, lakini majani yake membamba yakawa yanaanguka na kulala tu, hayaozi. Unajua nani aliyewaokoa? Jongoo. Wale jongoo wakubwa wa miguu myekundu. Walipowaleta wakaanza kula yale majani na kinyesi chao ndo kikawa udongo wa kwanza, miti mingine ikafuata, ndege wakafuata, leo watu wanalipa kiingilio. Yule kiboko Owen aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee, alilelewa kwenye msitu huo uliotengenezwa na jongoo.

Sikuambii ujaze mivinje, wataalamu wengi hawaihesabu kuwa ya asili ya pwani yetu na ukiipanda mingi chini hapaoti kitu. Nakuambia ule utaratibu. Usinunue udongo wa malori, utengeneze. Kwenye jiwe la matumbawe kuna mifuko na nyufa, hiyo ndo vyungu vyako, jaza majani yaliyooza, samadi ya zamani na mchanga kidogo, panda humo humo. Usichome majani makavu tena maisha yako yote, yarundike kwenye nyufa, na jongoo ukimwona usimuue.

Mimea utakayoweka, mkoma, ambao sisi huku Bongo tunauita mkoche, mshubiri, mkonge pori, na adeniamu, ile yenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, inaota juu ya jiwe na kunawiri. Tahadhari moja, utomvu wa adeniamu ni sumu, zamani ulipakwa kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono ukiikata. Ukiwa karibu na ufuo na una mchanga, weka kile kitambazi cha ufukweni chenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka kama kwato ya mbuzi, hicho hata maji ya chumvi hayakisumbui.

Na siku ukipata nafasi nenda Kaya Kinondo kule Diani. Makaya ya Wamijikenda yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Kinondo imekaa juu ya jiwe la matumbawe kama lako. Utembezwe na wenyewe, uangalie nini kinaota juu ya mwamba bila mtu kukimwagia maji. Usitoke na hata jani moja, ni mahali patakatifu na ni marufuku. Toka na majina.

*

Mama nina nyasi za kikuyu hapa Arusha, jirani kaniambia ni za Kizungu nizitoe. Alafu miche ya asili napata wapi? Vitalu vyote vya barabarani wana miashoki na maua ya rangi tu.

Jirani amekosea. Nyasi za kikuyu ni za nyanda za juu za Afrika Mashariki, jina lenyewe linakuambia, zilipelekwa nje na huko zimewashinda, Marekani zimo kwenye orodha ya magugu hatari. Kwa Arusha yenu yenye baridi na mvua ziache mahali mnapokanyaga, zikate kwa kuziacha urefu wa kidole, usizinyoe, na weka mstari wa matofali yaliyozikwa ili zisivamie vitanda vya maua, manake zinatambaa usiku na mchana. Mwenye sungura amkaribishe.

Miche, ulizia ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, wilayani kwako, na kituo chao cha mbegu za miti pale Morogoro kinauza mbegu za miti ya asili. Ukipata mbegu za mkwaju loweka usiku mmoja uzipande kwenye viriba. Mbuyu na migunga ganda lake ni gumu, mwagia maji ya moto yaliyotoka jikoni, ziache humo zipoe mpaka kesho yake, zile zilizovimba ndo za kupanda. Ukitaka mpingo kwa heshima ya nchi panda, ila ujue unapandia wengine, mpaka uwe mti wa kuchongwa ni miaka 70 na kuendelea. Kwa vitalu vya barabarani dawa ni kuulizia. Mimi nilimuulizia mkwamba kijana mmoja wa kitalu kila nikipita kwa miezi minne, siku ya siku nikakuta anayo viriba thelathini na ameshauza kumi.

Msiende kuchimba msituni tafadhali. Pugu, Kazimzumbwi, Vikindu, ile misitu imebaki kidogo kidogo pembeni ya jiji na kila mche unaochimbwa pale mara nyingi unafia njiani kwa kukatwa mizizi. Chukua mbegu kwenye mti wa barabarani au wa shamba la mtu uliyemwomba.

*

Shikamoo. Mimi mpangaji, sina uwanja, nina kibaraza na watoto watatu. Nimekusoma nikatamani. Mwenye nyumba naye ametoa nyasi akaweka pevingi mpaka ukutani, mchana panawaka moto na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Na watoto hawana pa kucheza.

Marahaba mama. Hili limenigusa kwa sababu kuna wengi wameacha nyasi kwa kukimbilia pevingi wakidhani ndo kupunguza kazi. Pevingi hainywi mvua wala haimpi mtu kivuli, na yale maji ambayo ardhi ilikuwa inameza sasa yanatafuta mlango wako. Jaribu kuongea na mwenye nyumba kwa lugha ya nyumba yake, mwambie maji yanakula msingi. Mwombe atoe pevingi mstari mmoja tu kando ya ukuta, upana wa nusu mita, na mwingine pale maji yanapokusanyika, ajaze changarawe na mshubiri na mkonge pori. Gharama yake ni siku moja ya fundi, na zile pevingi zilizotoka anazitunza.

Kibarazani weka vyungu vitatu vikubwa kuliko kumi vidogo, kidogo kinakauka kila siku. Mkonge pori upande wa jua, na upande wa kivuli lile ua laini la rangi ya waridi au nyekundu linaloota kwenye misitu ya Usambara na mikoa ya jirani, mbegu zake za kwanza zilipofika Uingereza karne ya 19 walilipa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, leo linauzwa huko kila duka la maua. Hilo linapenda maji, nakuambia ukweli, kikombe kimoja kila asubuhi. Sahani ya chini ya chungu mwaga kila Jumamosi.

Watoto wanahitaji ardhi. Kama mwenye nyumba akikubali kutoa kipande cha mita nne kwa tano karibu na geti, panda ukoka, ule ule wa kando ya barabara, ni wa kwetu na bure. Chukua vipande vyenye fundo fundo, vifukie kwa umbali wa shubiri moja masika yakianza, wazuie watoto wasiupite kwa wiki sita. Baada ya hapo waachie wacheze mpira. Patatoka kipara katikati pale wanapokimbilia, usipambane nacho, fagia tu.